Mpya, kwa Mwaka wa Kumi na Tisa

Barua ilisema: Mwimbaji Mpya wa Kike, Muziki wa Kantri.
Dada yangu Lorna aliisoma amesimama kando ya friji,
miwani puani, mkono mmoja unanuka vitunguu,
akacheka hadi mbwa akatoka chini ya meza.
Mpya!
Ana miaka arobaini na moja.
Kipya kinyemi, walisema waliosema, ingawa kidonda.
Na kidonda chenyewe kikiwa cha zamani?

Mimi ndiye dereva. Hesabu ninayo.
Naijua Ford ya buluu iliyotufia mara mbili Arkansas,
hita yake ikipuliza baridi tu, Januari nzima.
Naujua mnada wa ng'ombe kule Paducah
alikoimba juu ya trela
kati ya fahali namba saba na fahali namba nane,
na dalali hakuzima kipaza sauti chake.
Naijua baa ya Tulsa iliyotulipa mbavu za nguruwe.
Nakijua kile kituo cha redio, na meneja wake mpole
aliyetumiminia kahawa, akatueleza taratibu, kama daktari:
"Mwanamke mmoja nimeshamweka saa hii.
Wawili mfululizo, watu wanahama stesheni."
Lorna akamaliza kahawa, akaomba kikombe cha pili.
Garini hakutamka neno
hadi tulipovuka mpaka wa jimbo.

Basi Nashville, Novemba.
Zulia jekundu limelowa mvua, limekuwa rangi ya ini.
Wateule watano wamepangwa kwa urefu
kama glasi kabatini.
Mdogo wao, Kaylin Strother, ana miaka kumi na tisa:
alizaliwa mwaka ule ule Lorna alipouza ndama wake
akanunua gita.
Buti za binti hazijapata hata mkunjo mmoja.

Nilidhani nitamchukia. Nilikuwa nimejiandaa.
Nikamkuta chooni, magoti sakafuni,
gauni la shanga limekusanywa kiunoni,
anatapika woga wa Georgia nzima,
na Lorna nyuma yake, amemshika nywele,
anamwambia kwa sauti ile anayomwambia ng'ombe akizaa:
"Pumua kwa tumbo. Mabega hayaimbi."
Nikawapa karatasi za kufutia mikono.
Sikuwa na lingine la kutoa.

Bahasha ikafunguliwa. Si Lorna.
Kamera ilimkuta anapiga makofi kabla jina halijaisha.
Watu watasema ni adabu.
Mimi nilikaa kiti cha pili; niliona taya lake.
Binti akapanda, akaipokea ile tuzo ya kioo
kama mtu aliyepewa ghafla mtoto wa jirani,
akamshukuru Mungu, mama, kampuni, mwanasheria,
akaanza kuondoka,
akasita. Akarudi kwenye maikrofoni.
Akavuta pumzi, kwa tumbo, shanga zikapanda,
na muziki wa kumwondoa jukwaani ukamfunika mdomo.
Alitaka kusema nini? Lorna anasema, labda
alimsahau mwalimu wake wa shule.

Saa nane usiku, kituo cha mafuta nje ya Bowling Green.
Lorna amevaa gauni la kukodi na juu yake jaketi langu la mvua.
Muuzaji, mama mwenye bandeji kidoleni,
anamtazama, anatazama runinga ndogo juu ya rafu ya sigara,
anamtazama tena.
"Wewe si yule mpya?"

Nikangoja. Namjua dada yangu, ulimi wake upanga.
Akaweka kaunta karanga, betri mbili, na sarafu za kutosha.
"Ndiye mimi," akasema. "Nimeanza juzi."

Nje, Ford ikagoma kuwaka.
Tukaisukuma hadi kwenye mteremko,
yeye kwa buti zake kuukuu,
mimi kwa matusi.